Maswali ya redio: goli lafika kwa jirani kwanza

Toleo lililopita niliuliza nani ana swali kuhusu redio, nikidhani nitapata matatu ama manne ya antena basi. Simu imejaa. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikaa miaka 11 nyuma ya kioo kwa studio hapa Kisumu, kwa miksa, sijawahi kutangaza hata saa, nilikuwa yule jamaa wa kupandisha na kushusha sauti, na saa hii niko na kibanda cha kurekebisha redio karibu na soko la Kibuye. Nikisoma barua zenu nimeona kitu kimoja: mengi mnalaumu watangazaji kumbe ni mawimbi, na mengi mnalaumu mawimbi kumbe ni watu.

SWALI: Mimi huskiza mpira kwa app ya kituo kwa simu. Jirani wangu ana kale karedio kadogo ka betri. Kila goli yeye anapiga kelele kwanza, mimi kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Ananiharibia raha kabisa. Ni simu yangu ama ni bando? – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Simu haina makosa, na hata ukiweka bando ya elfu mbili jirani atakushinda tu. Sauti ya FM ikitoka studio inarushwa mpaka kwa mlingoti kule juu kilimani, na ikitoka kwa mlingoti inasafiri na mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde moja, sasa kutoka kilimani mpaka Nyalenda ni nini, hata jicho hujapepesa. Yako inazunguka. Inaingia kwa kompyuta, inafinywa iwe nyepesi, inakatwakatwa vipande, inatumwa kwa seva ambayo mara nyingi iko nchi ingine kabisa, inarudi mpaka kwa mnara wa simu, alafu ikishafika kwa simu app haikupi hapo hapo, inaweka akiba kwanza ndio mtandao ukiyumba usiskie ikikatika. Hio akiba ndio inakula goli lako. Inaweza kuwa sekunde kumi, inaweza kuwa nusu dakika, nimeona hata kuliko hapo.

Lakini usimwonee jirani wivu sana, wacha nikuambie ya jikoni. Kama ni mechi ya Uingereza, mtangazaji wetu mara nyingi hayuko uwanjani, yuko studio anaangalia TV kama wewe. Na hio TV nayo imechelewa, picha imepanda mpaka setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta ikashuka tena, hapo ni robo sekunde hivi, na mashine za kufinya picha kule zinakotoka pamoja na dikoda huku zinakula zaidi ya hapo. Kuna mmoja nilikuwa nafanya naye kazi Jumamosi, anavua viatu, soksi moja imetoboka kidole gumba, amebandika karatasi ya majina ya wachezaji na selotepu chini ya skrini na kila jina gumu ameliandika venye linatamkwa kwa Kiswahili, alafu akisema "uwanja mzima umesimama!" hao watu wote waliosimama ni kidole changu kikisukuma sauti ya TV juu. Hakuna mtu alisimama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi. Mechi za hapa nyumbani ndio tofauti, derbi ya Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, utapata mtu wetu yuko pale jukwaani kweli anaongea na simu, na utaskia hata vuvuzela zikimzidi.

Dawa yako ni rahisi. Angalia kama simu yako ina redio ya FM ndani, sio app, ile redio yenyewe. Kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nyingi ziko nayo. Chomeka hedifoni za waya, kwa sababu ule waya ndio antena, bila waya itakuambia chomeka kwanza. Haili bando hata kidogo na goli mtashangilia pamoja. Kama simu yako ni zile mpya hazina tundu la hedifoni, basi nunua karedio kama ka jirani ama hamia kwake saa ya mpira, uende na chai.

SWALI: Nikiwa Kisumu tauni kituo changu kinaskika safi. Nikipanda na abiria nikifika Majengo kinaanza kupigana na kituo kingine cha mahubiri, na kwangu nyumbani hakuna kitu, isipokuwa nisimame kwa dirisha la jikoni nishike antena na mkono. Nikiachilia, kimeenda. Si hawa watu waongeze nguvu tu? – Mtu wa boda, Mbale

JIBU: Hapa ndio mnaonea kituo. Mawimbi ya FM, yale ya kuanzia 87.5 mpaka 108, hayajui kupinda kona sana, yanaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mulika tochi usiku alafu ng'ombe asimame mbele yako, nyuma ya ng'ombe ni giza. Sasa mtu wa Ahero yuko kwa uwanda wa Kano, tambarare tupu, yeye anapata hata kama redio yake imefungwa na raba. Wewe uko Vihiga, kilima, bonde, jiwe kubwa, kilima tena. Wakiongeza nguvu itasaidia kidogo pale pembeni, lakini ni kama kuongeza betri kwa tochi, ng'ombe bado amesimama. Ndio maana milingoti hujengwa mahali pa juu kabisa, na kituo kikitaka kufika mbali kinajenga mlingoti mwingine upande ule mwingine na namba ingine ya masafa. Makonda wa Kisumu kwenda Nakuru wanajua hizi namba kwa kichwa, wakitoka Kericho wanabadilisha, Mau Summit wanabadilisha tena, hata hawaangalii.

Kuhusu kupigana na mahubiri: Mamlaka ya Mawasiliano ndio inagawa masafa, na namba ambayo imepewa kituo kimoja Kisumu inaweza kupewa kingine mbali huko, maana hayakutani. Lakini kuna mahali katikati yanakutana, na redio ya FM haina huruma, inachukua yule mwenye nguvu zaidi inameza mwingine. Ukisonga hatua mbili mwenye nguvu anabadilika. Ndio unaskia nusu rhumba nusu toba.

Na mkono wako sio uchawi, mwili wa mtu una maji na chumvi kwa hivyo ukishika antena na wewe umekuwa antena. Wimbi la pale kati ya FM lina urefu wa mita tatu hivi, na robo yake ni sentimita 75, huo ndio urefu antena yako inatafuta na karibu kila mtu anaiacha imevunjika nusu. Tafuta waya wa stima wa kawaida, chuna ncha, funga kwa kile kipande cha antena kilichobaki, pima sentimita 75, upitishe kwa hilo dirisha la jikoni. Dirisha linasaidia kwa sababu mabati yanazuia mawimbi, nyumba ya mabati juu na kando ni kama umeweka redio ndani ya sufuria. Isogeze pia mbali na chaja za bei rahisi na balbu za LED, hizo zinapiga kelele ambazo redio inaskia na wewe huskii. Na mvua ikianza ingiza waya ndani, radi za huku kwetu mnazijua.

Mzee mmoja wa Butere ameniuliza kitu kama hicho, mbona zamani alikuwa akipata London na Ujerumani usiku kwa redio ya mbao na saa hii mjukuu hapati hata Kakamega. Mzee wangu, hiyo ilikuwa masafa mafupi na masafa ya kati, si FM. Hayo yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, na usiku lile tabaka la chini ambalo mchana linayanyonya linapotea jua likizama, ndio sauti inaruka mbali. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957 na ya Ujerumani 1963, na zote zilikufikia hapo Butere kwa kuruka hivyo, zikiingia na kutoka kama mtu anapumua. Hiyo milio ya mawimbi mimi bado naiota.

SWALI: Kuna mtangazaji wa usiku wa manane nampenda sana. Saa tisa usiku ananiambia "najua uko macho na mimi". Ni kweli niko macho, mimi ni soja. Nimepiga simu ya studio wiki tatu hakuna mtu anashika. Kwani nimemkosea? – Soja wa usiku, Milimani

JIBU: Kaka, amelala. Pole sana kukuambia hivyo. Alirekodi hayo maneno jana jioni, yote, kwa dakika 20 hivi, na alikuwa akiangalia saa kwa sababu matatu ya mwisho ya kwenda kwake inaondoka saa mbili. Kompyuta ndio iko kazini. Imepangiwa wimbo, jingo (kale kawimbo kafupi ka jina la kituo), sauti yake, tangazo, wimbo, mpaka asubuhi, na studio taa imezimwa.

Unaweza kumjua aliyerekodi. Hataji saa kamili, atasema "usiku huu", "popote ulipo". Hasemi mvua inanyesha. Hasomi meseji ya leo. Vituo haviko na pesa ya kulipa mtu na prodyusa na gari la kumrudisha saa tisa usiku, na tangazo la saa tisa nani atalinunua, hio ndio hesabu. Naelewa hesabu lakini hio sentensi ya "uko macho na mimi" mimi huwa inaniuma, maana wanaoskiza saa hizo ndio watu wako macho kweli, soja, nesi, mama ana mtoto mgonjwa, wavuvi. Angesema tu "nimekuwekea nyimbo".

Na mashine nayo hujisahau. Kwa kituo kimoja nilichofanya kazi, kompyuta ilikwama saa nane usiku kwa jingo ya sekunde sita. Jina la kituo, kinanda, jina la kituo, kinanda. Ilienda hivyo karibu saa nzima. Aliyetuokoa ni soja wa jengo, mtu wa kazi kama yako, aliskia kwa karedio kake pale getini akapiga simu akasema, "Boss, hii redio imeshikwa na kwikwi." Nilikimbia na boda nikiwa na ndara. Kwa hivyo usiache kuskiza.

SWALI: Kwa nini kila nikipiga naambiwa "punguza sauti ya redio yako"? Na kabla niende hewani kuna msichana ananihoji kama polisi. – Mama wa mboga, Kondele

JIBU: Sauti yako inatoka kwa redio yako, inaingia tena kwa simu yako, inaenda studio, inatoka tena kwa redio, inazunguka mpaka inakuwa ile mluzi wa kuvunja masikio. Na mahali wana ile mashine ya kuchelewesha, sauti inashikiliwa sekunde chache ndio mtu akitukana tubonyeze kitufe kabla matusi hayajatoka, sasa wewe unajiskia ukisema kitu ulichosema zamani kidogo, unachanganyikiwa, unanyamaza. Huyo msichana ni prodyusa na anataka jina, unapigia kutoka wapi, na unataka kusema nini, hasa hiyo ya mwisho. Kwa sheria ya matangazo kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku watoto wanahesabiwa wako wanaskiza, mtu akimwaga uchafu hewani ni kituo kitaitwa, sio yeye. Mvumilie. Yeye ndio ameshikilia kipindi chote na jina lake hamlijui.

SWALI: Shule yetu ina klabu ya wanahabari. Wanafunzi wanataka kutengeneza kipindi cha nusu saa, na mmoja amepata mtandaoni transmita ndogo ya kununua. Tuanzie wapi? – Mwalimu, Luanda

JIBU: Mwalimu, anzia kwa kumwambia huyo mmoja arudishe hizo pesa kwa mfuko. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa, sheria ya mawasiliano ya 1998 haiangalii kama transmita ni ndogo ama ni ya watoto wa shule. Na udogo haujawahi kumwokoa mtu, 1982 hapo Homa Bay kulifunguliwa redio ndogo ya jamii kwa msaada wa UNESCO, vifaa vya bei rahisi kabisa, watu wanaongea lugha yao mambo yao, na 1984 serikali ikaifunga. Redio ya kwanza ya FM ya mtu binafsi Kenya ilikuja 1996, Nairobi. Sisi wa huku tulionja mapema tukanyang'anywa sahani.

Lakini kipindi chenyewe hakihitaji transmita. Rekodini kwa simu, kichezeni paredi wenzenu waskize, tumeni kwa wazazi kwa WhatsApp, alafu kile kizuri mpeleke kwa redio ya jamii, hizo huwa zinatafuta vipindi kama vile sisi tulikuwa tunatafuta.

Nusu saa sio dakika 30. Toa jingo, matangazo, salamu za kufungua na kufunga, unabaki na 23 hivi. Na dakika 23 ni ndefu ajabu kwa mtu hana kitu cha kusema. Waambie waanze na dakika tano. Mada iwe moja, na iwe ndogo: sio "mazingira", iwe "mbona mfereji wa maji nyuma ya bweni umekauka". Wahoji watu watatu ambao hawakubaliani. Kusoma kwa utulivu dakika moja ni maneno 100 na kidogo, wahesabu hivyo wakiandika, na waandike venye wanaongea, mtoto akisema "aidha ikumbukwe kwamba" mkate hapo hapo.

Simu iwe shubiri moja kutoka kwa mdomo, na iwe kando kidogo, isiangalie mdomo wazi, ndio zile P na B zisipulize. Msirekodi darasani, ukuta wa saruji na mabati unarudisha sauti kama kisima, ingieni bwenini katikati ya magodoro, hakuna studio ya bei hiyo. Kabla ya kuzima, nyamazeni wote dakika moja na simu ikiendelea kurekodi, hiyo kimya ya chumba mtaihitaji mkikata na kuunga, otherwise kila mahali mmekata patasikika kama shimo. Kukata na kuunga tumieni programu ya Audacity, ni ya bure na kompyuta ya zamani inaibeba.

Na rekodini sauti za vitu, sio maneno peke yake. Kipindi bora nilichowahi kupitisha kwa miksa kilikuwa cha bei ya samaki, mwandishi alikuwa msichana wa mafunzo hata mshahara hana. Alianza bila salamu. Sekunde kumi za mafuta yakichemka, alafu samaki anaingizwa, ile "shaaa", alafu mama mmoja anasema, "Huyu nimemnunua mia tatu, niambie nimuuze ngapi?" Nilisahau kupandisha jingo. Meneja akanigombeza, lakini mpaka yeye alikuwa na mate mdomoni.

SWALI: Salamu zilienda wapi? – Mwanasalamu mstaafu, Webuye

JIBU: Zipo, zimehamia kwa meseji. Lakini najua unauliza zile kadi za salamu, watu walizokuwa wakituma tuwasomee hewani. Nilizipata mwisho mwisho, zinakuja kwa bahasha zimefungwa na uzi, mtu ameandika majina 20 ya kusalimia na yeye mwenyewe jina lake la kujibandika ni refu kuliko kadi, na mtangazaji akiruka jina moja wiki ijayo tunapata barua ya malalamiko. Watu walioana kwa hizo kadi. Na wakasaidiana kuzika pia, najua makundi ya wanasalamu hapo Bungoma bado yanachanga mmoja wao akifiwa, na wengine hawajawahi kuonana uso kwa uso mpaka siku ya matanga.

SWALI: Nimepigiwa nimeshinda elfu 50 ya redio, nitume elfu moja ya usajili. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usitume.

SWALI: Redio yangu inakwaruza nikizungusha sauti. Nimeweka mafuta ya kupikia kwa kile kitufe, imezidi. – Baba watoto, Manyatta

JIBU: Eh. Ndani ya hicho kitufe kuna kijinjia cha kaboni na kikono kidogo cha chuma kinachotembea juu yake, vumbi likiingia ndio kinakwaruza. Mafuta yako saa hii yamechanganyika na vumbi yakawa uji. Toa betri, zungusha kitufe mwanzo mpaka mwisho mara 30, utasafisha kiasi. Ikiendelea ilete hapa Kibuye, nitaifungua nipulizie ile dawa ya kusafisha viungo vya stima, kazi ya dakika kumi. Siku yoyote isipokuwa Jumamosi jioni, hapo kuna mpira na mimi naskizia hiyo ya jirani wa kibanda cha viatu, yangu iko kwa meza imefunguliwa tangu Pasaka.